Tulivyojiandaa Kwenda Songea kwa Pikipiki

Siku ile naiona kama ya jana, mwanangu. Babu yako Kosmas amesimama nje ya nyumba yetu ya kambini, kule Basotu, ameshika kitambaa na anafuta pikipiki ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi, nikijiuliza kama huyu mwanaume niliyeolewa naye juzi ana akili timamu, maana alikuwa ametoka kuniambia kwamba tutakwenda kwao Songea kwa kile chombo, wawili juu yake.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mnajiandaa kwenda Mtwara kwa pikipiki, na kwamba kila jioni mnakutana pale Katesh kupanga. Wazee wenzangu wananiambia nikukataze. Sitakukataza. Ningeanzaje, mimi mwenyewe niliyevuka nusu ya nchi hii nikiwa bibi harusi? Ila kaa hapo kwenye kigoda nikusimulie tulivyojiandaa, maana kwetu maandalizi yalikuwa magumu kuliko safari.

Wakati ule mashamba makubwa ya ngano ya serikali yalikuwa bado yana nguvu. Ukisimama Basotu kabla ya mavuno unaona ngano mpaka macho yanachoka, upepo ukipita inalala na kuinuka. Watu walikuja kufanya kazi kutoka kila upande wa nchi. Mimi nilitoka hapa hapa Endasak, nikaajiriwa kwenye stoo ya vipuri. Kosmas alikuwa dereva wa kombaini, mashine ya kuvunia, kijana wa Songea mwenye kicheko kilichosikika kuliko injini yake. Kila mara alikuja dirishani kwangu kuomba mkanda wa kombaini. Siku moja nikamwambia, "Kosmas, hiyo kombaini yako inakula mikanda?"

Akasema, "Kombaini haina shida, Marta. Mwenye shida ni mimi."

Basi, ndivyo tulivyoanza. Tulifunga ndoa kanisani Endasak, lakini mama yake hakuweza kuja. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na safari ndefu kama ile asingeiweza. Baada ya harusi, dereva mmoja wa lori aliyetoka pande za kwao alituletea ujumbe wa mdomo. Alisema, "Mama anakwambia hivi: mlete mke wako nimwone uso wake, kabla sijabaki kumsikia sauti tu."

Kosmas hakula siku ile. Alikaa akiangalia mlima Hanang.

Mabasi ya wakati huo, mwanangu, ulikuwa unayasubiri kama unavyosubiri mgeni ambaye hajasema atakuja lini. Mafuta yalikuwa ya shida. Kosmas alikuwa na pikipiki aliyoachiwa na mwalimu aliyehamishwa, imara lakini imechakaa kidogo. Akaamua: tukimaliza kuvuna, kabla mvua hazijaigeuza barabara yetu kuwa tope, tunachukua likizo na tunaondoka. Nikakubali. Nilikuwa na hamu ya kumwona mama mkwe, na kusema kweli nilikuwa na hamu ya kuiona nchi.

Babu yako alidhani kujiandaa ni kuandaa pikipiki. Alikaza spoki zote, akabadilisha cheni, akasafisha plagi mpaka zikang'aa. Halafu akasema tuijaribu kwa kuuzunguka mlima Hanang: tutoke Basotu tushuke Katesh, tupite Endasak, tuzunguke kwa nyuma mpaka Gitting, kisha turudi nyumbani. Akasema tutazunguka bila kusimama hata mara moja, ili tujue kama tunaweza.

Tuliweza mpaka Gitting tu. Pale ndipo miguu yangu iliponikataa.

Alikuwepo mzee mmoja pale Gitting, rafiki wa baba yangu, aliyeitwa Mzee Safari. Hilo kwetu ni jina la mtu, huenda mama yake alimzaa akiwa njiani, na yeye akalitendea haki jina lake. Alikuwa bwana mifugo miaka mingi, akizunguka wilaya nzima ya Mbulu, enzi hizo Hanang ikiwa ndani yake, kwa pikipiki ya serikali kuchanja ng'ombe. Alikuwa amestaafu, analima viazi na kunyoa ndevu kila asubuhi kama bado anakwenda ofisini. Kosmas alisimamisha pikipiki mbele ya uwanja wake tupate maji. Mimi nikashusha mguu, mguu haukuwepo. Nikaanguka chali mbele ya mzee, katika gauni langu zuri la njano.

"Shikamoo, mzee," nikasema nikiwa bado chini.

"Marahaba, binti. Inuka kwanza, ndipo usalimie."

Tulicheka wote, lakini yeye hakucheka sana. Alitukaribisha ndani, akatuletea maziwa ya mgando, akasubiri tunywe. Halafu akamuuliza Kosmas tumekula nini tangu asubuhi. Kosmas akasema bado. Akauliza tumesimama wapi.

"Hatujasimama popote, mzee," Kosmas akajibu kwa kujivuna. "Moja kwa moja."

"Basi hamjasafiri," Mzee Safari akasema. "Mmekimbizwa. Sasa niambie, nani alikuwa anawafukuza?"

Kosmas akamweleza habari ya Songea na ya mama yake. Mzee akasikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee akanigeukia mimi.

"Na wewe, huko nyuma unafanya kazi gani?"

"Nimeshika tu, mzee."

"Akishikwa na homa katikati ya pori la Manyoni, utaendelea kumshika?"

Mzee akasema, "Ujifunze kuendesha. Mtu mzima hapakiwi nyuma kama gunia la ngano kutoka hapa mpaka Songea."

Kosmas alicheka, halafu akaona anacheka peke yake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kambini watamcheka, watasema mke wake ndiye dereva. Mzee Safari akamwambia, "Watakucheka, ndiyo. Watacheka wiki moja, wachoke. Halafu wewe utakuwa na mwenzako wa kukupokea, na wao watakuwa na habari ya zamani."

Nilijifunzia shambani, mwanangu, kwenye mabua baada ya kombaini kupita. Hakuna mahali pazuri duniani pa kujifunza pikipiki kama pale. Hakuna mti, hakuna shimo, hakuna mbuzi. Nilivaa ovaroli ya karakana iliyonipwaya, nikaikunja miguuni. Kosmas alinionyesha gia, klachi na breki, akanirudishia maneno mara nyingi, nami nikaitikia kila mara kwamba nimeelewa. Kisha akaniachia.

Nikaondoka. Weee! Upepo ule sijausahau. Nilikwenda, nikakwenda, na nilipotaka kusimama nikagundua kwamba mikono yangu inajua kuongeza tu. Shamba lile halikuwa na mwisho, kwa hiyo niliendelea. Nikaanza kuzunguka. Kosmas alikuwa ananifuata mbio huku anapiga kelele "Breki! Breki!" na kofia yake imeshaanguka. Madereva wa kombaini wakazima injini zao, wakapanda juu kutazama. Mmoja akaanza kupiga debe, wengine wakaimba. Niliwapita nikizunguka kama nimepewa kazi ya kuwaburudisha. Mwishowe nikaliona biwi kubwa la majani makavu, nikalielekea kwa makusudi, nikaingia ndani yake mimi na pikipiki.

Nilipotoa kichwa, majani mdomoni, Kosmas alikuwa amepiga magoti, amejishika mbavu. Hakuwa na uchungu wowote. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Nami nikacheka. Tangu siku hiyo kambi nzima iliniita Mama Debe, na hakuna aliyemcheka Kosmas, maana kila mwanaume alikuwa na hamu ya kuona kama nitaweza. Baada ya muda nikaweza. Nilikwenda Katesh na kurudi, yeye akiwa nyuma, na nikajifunza kuvua tairi, kutafuta tundu kwenye tyubu kwa maji ya karai, na kubandika kiraka kikashika.

Mzee Safari alikuja kututembelea mara kadhaa. Safari moja alitukuta tunafunga mizigo. Ngoja nikuambie babu yako alitaka kubeba nini: godoro la sponji, redio, jogoo, na cherehani ya chuma, ile ya kukanyaga kwa miguu. Cherehani, mwanangu! Alisema ni zawadi ya mama. Alikuwa ameifunga kwa kamba nyuma ya kiti, na mimi nikabakiwa na nafasi ya kukalia isiyotosha hata paka.

Mzee akatwambia tushushe kila kitu chini kwenye uwanja. Akatembea katikati ya vitu vile polepole, mikono nyuma.

"Mama yako amesema anataka kuona nini?" akauliza.

"Mke wangu," Kosmas akajibu.

"Sasa mbona mke wako ndiye amekosa nafasi?"

Ilibaki redio nyumbani, likabaki godoro, na jogoo akapona. Cherehani ilitumwa baadaye kwa lori. Tulibeba blanketi moja moja, nguo chache, mfuko mdogo wa unga wa ngano tuliyoivuna wenyewe, vipuri, pampu, tyubu ya akiba, dumu la petroli na maji. Juu ya kiti mzee alitandika ngozi ya kondoo, manyoya juu, akaifunga vizuri. "Hii mtanishukuru mkifika Dodoma," akasema. Kweli, tulimshukuru hata kabla ya Singida.

Sasa nifike kwenye siku ya kuondoka, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Mimi nilitangulia kulala Endasak kwa wazazi wangu ili watuombee, na Kosmas akanikuta huko alfajiri. Asubuhi na mapema Mzee Safari akafika kutuaga. Wazazi wamekaa, majirani wamejaa uwanjani, mama amefunga viazi na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Kosmas akawasha pikipiki. Mzee akainama, akapapasa tairi, akavuta cheni kwa kidole, akaridhika. Kisha akainuka, akamtazama Kosmas usoni, karibu kabisa.

"Zima," akasema.

Kosmas akazima.

"Umelala lini?"

Babu yako alikuwa hajalala. Kombaini yake ilikuwa ya mwisho kumaliza mavuno, na ili apate ruhusa ilibidi akeshe kazini, kisha akaja moja kwa moja kunichukua. Macho yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekaa jikoni kwenye moshi. Mimi nilikuwa nimeyaona, lakini furaha ya safari ilinifunga mdomo.

"Nitalala Singida, mzee," Kosmas akasema.

"Utalala hapa. Mtaondoka kesho."

Mwanangu, sijawahi kumwona babu yako akimpandishia mtu mzima sauti isipokuwa siku ile. Alipiga tangi la pikipiki kwa kiganja. "Mzee, mama yangu anapofuka! Kila siku inayopita anaona kidogo zaidi! Na wewe unaniambia nikalale?"

Mama yangu akaangalia chini. Mzee Safari hakurudi nyuma wala hakukasirika. Alimwekea mkono begani, akasema taratibu, "Ndiyo maana nataka ufike."

Nakuambia, nilimwona Kosmas akilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akashuka, akampa mzee ufunguo, akasema, "Nisamehe, baba." Alikwenda ndani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Alilala mpaka jioni. Aliamka, akala ugali kama watu watatu, akalala tena. Wageni walikula mayai yetu yote, na jirani mmoja akasema hajawahi kuona safari yenye karamu nzuri hivi ambayo haijaondoka.

Kesho yake tuliondoka na mtu mwingine kabisa. Macho meupe, mwili mwepesi, anaimba.

Safari yenyewe nitakusimulia siku nyingine kwa urefu. Leo ujue tu kwamba tulisimama kabla ya kuchoka, kama mzee alivyotufundisha. Tulikunywa chai Singida chini ya mawe makubwa. Tulipita vumbi la Manyoni tukiwa tumejifunga khanga puani. Tulitobokewa tairi mbele ya Dodoma, nikaziba mimi huku wachungaji wa Kigogo wamesimama kwa mguu mmoja wananiangalia kama sinema. Kwenye bwawa la Mtera tulikaa ukingoni tukala samaki wa kukaanga, na babu yako akaniambia kwamba hata kama pikipiki ingekufa pale pale, yeye ameshafurahi kutosha. Tulipokezana. Mikono yake ikifa ganzi, mimi mbele. Mgongo wangu ukiuma, yeye mbele.

Kutoka Makambako ukielekea Njombe ni baridi, tena na manyunyu. Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Hanang, baridi ni ndugu yangu. Kosmas vidole vilimganda akashindwa kukamata klachi. Basi kutoka Njombe ilibidi niendeshe mimi, na hata tulipokaribia kwao, kwenye joto, hakuomba kurudi mbele. Alikuwa ananielekeza kwa kunigonga bega: kushoto, kulia, pita kwenye migomba.

Niliingia uwanjani nimevaa koti lake, suruali, na kofia ngumu kichwani. Mama mkwe alikuwa anaanua mahindi. Aliposikia mlio alitupa ungo, akaja mbio, mikono mbele, na kabla sijazima injini akanikumbatia kwa nguvu zote.

"Kosmas mwanangu! Kosmas! Jamani, mbona umekonda hivi? Huyo mke hakupikii?"

Mimi nimekabwa shingo, siwezi kusema. Nyuma yangu Kosmas anacheka mpaka pikipiki inatikisika.

"Mama, mimi niko huku nyuma."

"Huku nyuma wapi? Sasa huyu nani?"

Nikavua kofia. "Shikamoo, mama. Mimi ndiye Marta. Chakula nampikia, mama."

Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akanigeuzia kwenye jua, akasogeza uso wake mpaka pua zetu zikakaribia kugusana. Aliniangalia hivyo muda mrefu. Niliona ule weupe machoni mwake, na katikati yake macho yenyewe, yanatafuta, yanapata. Kisha akapiga kigelegele ambacho sijasikia kingine kama hicho maishani, na majirani wakatoka mashambani wakija mbio.

"Njooni mwone!" akawaambia. "Mkwe wangu kamleta mwanangu nyumbani!"

Tulikaa kwao mpaka likizo ikaisha. Kila asubuhi alinikalisha kwenye mwanga, akanitazama upya huku ananisuka nywele, na kunisimulia utundu wa Kosmas alipokuwa mdogo. Baadaye, akiwa haoni tena, alimpokea mama yako, mtoto wetu wa kwanza, kwa kumpapasa tu, lakini alikuwa anasema, "Najua amefanana na nani. Yule nilimwona."

Sasa mwanangu, wewe na wenzako. Pikipiki zenu ni nzuri kuliko yetu, na barabara nyingi ni lami. Hilo lisiwadanganye. Mkague mashine, ndiyo, lakini mkaguane na ninyi wenyewe: nani hajalala, nani ana homa anaificha, nani ana kiburi leo. Mtu yeyote kati yenu akisema nimechoka, msimcheke, simameni. Kila mmoja ajue kazi ya mwenzake, ajue kuziba tairi, ajue njia, asiwepo wa kubebwa na asiwepo wa kuabudiwa. Vitu mnavyodhani hamwezi kuishi bila kuvibeba, vingi vitaweza kuishi bila ninyi. Na akitokea mtu mzima akawaambia zimeni, zimeni kwanza, ndipo muulize sababu. Siku moja ya kuchelewa inakwisha, unaisahau. Mtu asiyefika hasahauliki.

Msisahau pia kufurahi. Kaeni kando ya maji, mle samaki, msalimiane na watu wa kila mahali mnapopita. Anayerudi na idadi ya kilomita tu atakuwa amekosa safari yake.

Sogea karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu aliyetutunza sisi awatunze na ninyi. Awape usingizi mzuri kila mnapolala na macho maangavu kila mnapoamka. Awakutanishe na watu wema, vijiji visivyo na wivu, na visima visivyokauka. Mwende mkicheka, mfike wote mlioondoka, na huko mwendako mkute mtu wa kuwapigia kigelegele. Nenda, mwanangu. Nenda na baraka zangu zote.